Tiketi Inaishia Stendi

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma kwa basi husafiri zaidi ya kilomita 900 akiwa na tiketi mkononi. Tiketi hiyo ina jina lake, namba ya kiti, namba ya gari, saa ya kuondoka na nauli aliyolipa. Akishuka Tunduma, kazi ya tiketi imekwisha. Safari iliyobaki, iwe ya mitaa michache kufika Sogea au ya saa kadhaa kufika Itumba kule Ileje, ataifanya kwa maneno ya watu: gari lipi, linapakia wapi, linaondoka saa ngapi, nauli kiasi gani, pa kushukia ni wapi. Wenyeji wanayajua yote hayo bila kuyafikiria. Mgeni hana pa kuyasoma. Naamini hapo ndipo ulipo ugumu wa usafiri wa umma katika Mkoa wa Songwe kwa mtu asiyeuzoea, na wapo wanaopata riziki kwa sababu yeye hajui. Ugumu huo una chanzo, na ukikifuata unaona kwamba sehemu kubwa yake ingeondoka bila mtu kununua hata basi moja.

Tumjue kwanza mgeni mwenyewe. Neno hilo likitajwa, wengi humfikiria mtalii mwenye begi mgongoni. Huyo yupo, anapita kwenda Lusaka au anatoka huko, lakini ni mmoja katika kundi kubwa. Mgeni wa kawaida wa Tunduma ni mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuja kufuatilia mzigo uliokwama kwenye foleni ya malori. Ni muuguzi aliyepangiwa kituo cha kazi Ileje na hajawahi kuvuka Makambako. Ni mama aliyetoka Kyela kumwona mgonjwa wake katika hospitali ya rufaa ya mkoa pale Vwawa. Ni Mkongo anayetafuta gari la kumsogeza kuelekea Lubumbashi, ni Mzambia aliyevuka asubuhi kununua bidhaa za duka lake. Sensa ya 2012 iliukuta mji wa Tunduma na watu wasiofika 100,000. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 200,000. Katika mji ambao nusu ya wakazi wa 2022 hawakuwapo miaka kumi kabla, mtu hawezi kujibiwa kwamba mambo ya stendi "kila mtu anayajua".

Matatizo yanaanzia kwenye jina la mkoa. Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa katika Wilaya ya Mbozi. Lakini Songwe lilikuwa jina la vitu vingine kabla ya hapo, na vyote bado vipo. Kuna Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi. Kuna mpaka wa Kasumulu kule Kyela, ambao wanaokwenda Malawi huuita Songwe, kwa kuwa upande wa pili wa daraja ndivyo unavyoitwa. Kuna Wilaya ya Songwe, ambayo makao yake ni Mkwajuni. Na kuna Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, ambao hauko Mkoa wa Songwe hata kidogo. Uko Mbeya, jirani na barabara kuu, upande wa magharibi wa jiji.

Mtumishi aliyepata barua ya kuripoti "Mkoa wa Songwe" akatua kwa ndege uwanja wa Songwe ana haki ya kudhani amefika. Hajafika. Anatakiwa atoke hadi barabara kuu, asimame upande wa magari yanayoelekea magharibi, na apande kosta ya Tunduma itakayomshusha Vwawa. Akisimama upande wa pili anarudishwa Mbeya mjini. Kosa kama hilo humpata pia anayekuja na basi akapandia kosta Mbeya. Wapiga debe wa Mbeya hawatamki Songwe kwa maana ya mkoa. Wanaita Mlowo, Vwawa, Tunduma. Ukimwambia konda unashuka Songwe, atakushusha Songwe anayoijua yeye, ile ya uwanja wa ndege na kiwanda cha saruji, nawe bado una safari ndefu mbele. Konda hakukosea. Ametumia jina la njiani, na wewe umetumia jina la ofisini.

Wilaya ya Songwe nayo ina mkanganyiko wake. Mtu anaweza kufika Vwawa, makao makuu ya mkoa, akauliza gari la Mkwajuni, akaelekezwa arudi Mbalizi, ndani ya Mbeya, kisha achukue barabara ya Galula. Anayeelekezwa hivyo huhisi anachezewa, na hachezewi. Wilaya hiyo ilitokana na Chunya, na barabara zake zilizoea kuelekea huko na Mbeya kabla ramani ya mkoa haijabadilishwa. Mipaka ya utawala inaweza kuhamishwa kwa tangazo la siku moja. Ruti za magari zinafuata barabara iliyopo na abiria waliopo, na huchukua miaka kuhama, kama zitahama. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa mgeni yeyote wa mkoa huu ni kutumia majina ya miji na vijiji tu: Mlowo, Vwawa, Mpemba, Tunduma, Itumba, Mkwajuni, Kamsamba. Jina la mkoa aliache kwenye barua.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe. Basi kubwa la Dar es Salaam lina ratiba inayosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Lina kifaa cha kufuatilia mwendo na lina tiketi mtandao. Kosta na haisi zinazofanya kazi kati ya Mbeya, Mlowo, Vwawa na Tunduma nazo zina leseni ya njia na zimeandikwa njia hiyo ubavuni, lakini maisha yake ya kila siku yanaongozwa na kitu kingine, nacho ni hesabu. Hesabu ni kiasi ambacho mwenye gari anataka kukabidhiwa kila jioni, mvua inyeshe jua liwake. Dereva na konda wakishatoa hesabu na mafuta, kinachobaki ndicho chao. Siku mbaya hakibaki kitu.

Ukilishika jambo hilo, karibu kila kinachomshangaza mgeni kinapata maelezo. Gari haliondoki kwa saa kwa sababu saa haimlipi mtu, linaondoka likijaa. "Tunatoka sasa hivi" maana yake ni kwamba siti tatu hazijapata watu. Injini inanguruma, gari linasogea mbele kidogo na kurudi, abiria wa nje wanakimbilia wakidhani linaachia, na hilo ndilo lililokusudiwa. Ukiuliza saa ya kuondoka hupati jibu la maana. Chungulia ndani uhesabu vichwa: gari lenye watu wanne na gari lenye watu ishirini na wawili yote yataitwa yanatoka sasa hivi, ila moja ndilo litakalotoka kabla hujamaliza chai.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayozaa kukatisha ruti. Kosta imeandikwa Mbeya–Tunduma. Inafika Vwawa, wanashuka watu wengi, wanabaki sita. Kuwapeleka sita hadi Tunduma, kama kilomita 40, na kuhatarisha kurudi tupu ni hasara. Kugeuza hapohapo Vwawa na kuwahi abiria wa Mbeya ni faida. Basi konda anawafaulisha: anawatoa, anawapandisha kwenye gari lingine, anamlipa konda mwenzake sehemu ya nauli, na anageuza. Kanuni za usafirishaji haziruhusu gari kuishia njiani, na konda anajua hilo vizuri kuliko abiria. Mwenyeji hunung'unika, akachukua mfuko wake na kuhamia. Mgeni anapatwa na hofu mbili kwa pamoja. Hajui kama amefika, na hajui kama atalipa tena. Hofu ya pili ina msingi, kwa maana konda wa gari la pili asipopewa hela, au akidai hakupewa, anayesumbuliwa ni abiria. Dawa ya wenyeji ni kuuliza kwa sauti, makonda wote wawili wakiwepo, "Kaka, nauli yetu umempa?", na kusubiri jibu la yule wa pili, maana ndiye atakayekuja kudai mbele. Wanaofaulishwa wakishuka pamoja na kuuliza pamoja, sijaona konda anayewadai mara mbili.

Nauli ni eneo ambalo mgeni anadhani hana silaha, na kumbe anayo. LATRA hupanga nauli kikomo kwa kilomita. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 viliweka shilingi 48.47 kwa kilomita kwa kila abiria wa basi la daraja la kawaida, kutoka 41.29, na 67.84 kwa daraja la kati. Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni kilomita 100 na ushei, kwa hiyo kwa viwango hivyo nauli ya kawaida inaangukia elfu tano na kidogo. Vwawa hadi Tunduma inakuwa karibu 2,000. Aliyepiga hesabu hiyo kabla ya kupanda akitajiwa elfu kumi hana haja ya kugombana. Atataja kiwango anachokijua kwa upole, na mara nyingi bei itashuka palepale, kwa sababu konda ameshajua anaongea na nani. Naliona hilo kuwa jambo la kusikitisha kidogo: hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano angeifanya haijabandikwa popote abiria anapopandia. Imebaki kwenye tangazo la mamlaka na kwenye magazeti ya wiki ile.

Ndani ya kosta kuna utaratibu usioandikwa, na unajifunza kwa kutazama. Nauli hailipwi mlangoni. Gari likishatoka mjini na kukaa sawa kwenye lami, konda anaanza kupita, noti amezikunja kwa urefu na kuzipachika katikati ya vidole, za elfu mahali pake, za mia tano mahali pake. Anagusa bega au anagonganisha sarafu mkononi, hasemi kitu. Anayetoa noti ya elfu kumi kwa safari ya elfu mbili anaambiwa "chenji mbele", na chenji hiyo inaweza kusubiri hadi mtu wa Mlowo alipe. Mwenyeji anakaa kimya lakini hasahau, kilomita mbili kabla ya kushuka anakumbusha, "Konda, elfu nane yangu." Mgeni anayeona aibu kukumbusha ndiye anayeshuka bila chenji. Hajaibiwa kwa makusudi, ila gari lina watu thelathini na konda ana kichwa kimoja. Kushuka nako kunatajwa mapema, tena kwa jina la mahali panapoonekana kutoka barabarani: sheli, kanisa, mzani, njia panda. Konda anagonga bodi, dereva anatafuta pa kuegesha. Mgeni asiyejua mahali pake panaonekanaje afanye jambo moja: amwambie jirani aliyekaa naye, si konda. "Shikamoo mama. Mimi mgeni, nashukia hospitali ya mkoa, naomba ukifika unishtue." Nimeona maneno hayo yakimfanya mtu mzima akatae kulala njia nzima ili mgeni asipitilizwe.

Kuna jambo moja Tunduma lisilopatikana katika miji mingi ya Tanzania, nalo linawaacha watu stendi mwaka hadi mwaka. Tanzania na Zambia zinatofautiana saa moja. Zambia iko nyuma. Nakonde iko ng'ambo ya mpaka, nyumba kwa nyumba, na minara yake ya simu haijui mpaka umepita wapi. Simu iliyowekwa ijipangie saa yenyewe, ikishika mtandao wa Zambia usiku, inarudi nyuma saa moja bila kumwambia mwenyewe. Abiria wa basi la saa kumi na mbili asubuhi anaamka, anaangalia simu, anaona saa kumi na moja kamili, anajipa muda wa kuoga na chai. Wakati huo basi linatoka. Ongeza hapo kwamba Mzambia aliyeambiwa "saa mbili" na mpiga debe anaweza kuelewa saa mbili ya alasiri, kwa kuwa kwao siku inahesabiwa tofauti, na kwamba tiketi mtandao huandika 06:00 wakati kila mtu stendi anasema kumi na mbili. Saa moja ya safari inaweza kuwa na majina matatu, yote sahihi. Anayelala Tunduma aizime ile sehemu ya simu inayojipangia saa, aiweke kwa mkono. Na akikubaliana na mtu muda wa gari, aseme pia "saa za Tanzania" na "asubuhi". Wafanyabiashara wazoefu wa boda wanasema hivyo kila mara, na hakuna anayewacheka.

Boda yenyewe inastahili kuzungumzwa peke yake. Tangu Oktoba 2019, marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia walipofungua kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde, msafiri anamalizana na maofisa wa nchi mbili mahali pamoja. Kwa anayevuka na basi linalokwenda moja kwa moja Zambia au Kongo, mambo yamekuwa mepesi: anashuka, anagonga muhuri, anapanda tena. Kwa asiye na basi hilo, hapa ndipo maneno ya watu yanapokuwa bidhaa. Basi la Dar es Salaam likisimama tu, mlango unazungukwa. Lusaka? Kitwe? Lubumbashi? Mmoja amekamata begi, mwingine anasema gari la Lusaka linaondoka dakika hii na tiketi anayo mfukoni. Tiketi ya namna hiyo ni ya kukataliwa. Gari linaloanzia Nakonde linakatiwa tiketi Nakonde, kwenye ofisi ya gari, baada ya kuvuka. Udanganyifu huu haukuzaliwa Tunduma. Mbeya pia wageni wameuziwa kwa miaka mingi tiketi za "moja kwa moja" kwenda Malawi na Zambia, zikaishia mpakani.

Hatari kubwa kuliko kupoteza hela ni ile ya bodaboda. Kijana anasema atakuvusha kwa dakika tano, bila foleni, kwa shilingi au kwacha, yoyote uliyo nayo. Anasema kweli. Atapita katikati ya nyumba, kwenye moja ya njia za panya ambazo wenyeji wa pande mbili wanazipita kila siku kwenda sokoni na kwa ndugu zao, maana Wanyamwanga walikuwa hapa kabla ya mpaka. Mwenyeji akikutwa hapo ana maelezo. Mgeni akikutwa Nakonde bila muhuri wa kutoka Tanzania wala wa kuingia Zambia ni mtu aliyevuka mpaka kinyume cha sheria, na yule kijana hatakuwapo. Bajaji na bodaboda ni vyombo vizuri sana ndani ya mji, na bila hivyo watu wa Chapwa au Makambini wangetembea sana. Panda kwa bei mliyokubaliana kabla na dereva, na mwambie akufikishe kwenye jengo la uhamiaji.

Kufika usiku ni suala jipya. Kwa muda mrefu mabasi ya mikoani yalikatazwa kutembea usiku wa manane, na abiria wa mbali walilala njiani. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2023, na tangu Oktoba mwaka huo mabasi yanaruhusiwa kutembea saa 24. Ni unafuu mkubwa kwa mfanyabiashara. Lakini stendi hazikubadilishwa kuendana na ruhusa hiyo. Basi linaweza kumshusha mtu Tunduma saa tisa usiku, mwezi wa saba, kwenye mji ulio juu kiasi kwamba mtu wa Dar es Salaam mwenye shati jepesi anatetemeka, na kosta ya kwanza haijafika. Aombe kubaki ndani ya basi hadi kukuche. Madereva wengi wanakubali, na wenye watoto hawakataliwi. Anayekwenda Vwawa asikubali kulala akapitilizwa, kwa sababu Vwawa iko kabla ya Tunduma, na kurudi usiku huo hakuna njia ila ya kukodi gari.

Nje ya barabara kuu mambo ni mengine kabisa. Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ni lami iliyojengwa kwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, na mabasi yake yana ratiba inayotegemeka. Barabara ya Mpemba hadi Isongole nayo imepata lami, na Ileje imeacha kuwa mwisho wa dunia. Kamsamba, kwenye bonde la Momba, inafuatwa kwa barabara inayochepuka Mlowo, ndefu kupita kilomita 100, na huko gari likikuacha asubuhi limekuacha siku nzima. Wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, hata dereva hajui atafika lini. Mgeni wa huko alale Mlowo, amtafute konda jioni, aandikishe jina, aache namba ya simu. Ni utaratibu wa watu wanaofahamiana, na unafanya kazi vizuri kuliko tiketi nyingi za mjini.

Je, usafiri wa namna hii unaweza kuandikwa? Wapo wanaosema hauandikiki, kwa kuwa magari ni ya watu binafsi na yanahama yanavyotaka. Nairobi ilijibu hoja hiyo mwaka 2014. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu, daladala za huko, wakiwa na simu, wakarekodi kila ruti na kila kituo, wakachora ramani ya matatu ya jiji zima. Ilionekana kwamba kile kilichodhaniwa kuwa fujo kina mpangilio thabiti. Kilikuwa hakijachorwa tu. Zanzibar ni mfano wa karibu zaidi na wa bei rahisi zaidi. Daladala zake zina namba usoni pamoja na jina la mwisho wa safari, 502 Bububu, 505 uwanja wa ndege, na mgeni wa siku ya kwanza anapanda bila kuvutwa mkono na mtu. Magari ni ya watu binafsi kule pia. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, yana vituo vyenye majina yaliyoandikwa. Tunduma haihitaji kufika huko. Inahitaji kile ambacho Zanzibar inacho.

Watakaopinga maandishi ya namna hiyo ni wapiga debe, na hoja yao isikilizwe. Mpiga debe analipwa na konda kwa kila gari analolijaza. Kwa mji usio na ubao wala kibanda cha maelezo, yeye ndiye ubao. Anajua gari lipi limeharibika, dereva yupi hajatoka, Mpemba kuna foleni au hakuna. Kumfukuza stendi, kama ilivyojaribiwa mara nyingi katika miji yetu, ni kufukuza maelezo yenyewe. Kesho yake anarudi kwa kuwa kazi yake ipo. Nauli ikiandikwa ukutani, kinachokufa ni ile sehemu moja ya kazi yake isiyofaa, ya kumuuzia mgeni ujinga wake. Kupanga abiria, kubeba mizigo, kuita gari linalotoka, hayo yatabaki. Wapo kati yao wenye fulana za namba na vyama vyao, na hao ndio wa kuanza nao.

Hadi siku nauli zitakapoandikwa, mgeni ana njia moja ya kujilinda, nayo ni kumuuliza mtu asiye na fungu katika nauli yake. Mama lishe mwenye sufuria tano na wateja wa kudumu, muuza duka, wakala wa fedha za simu aliyekaa kwenye kibanda chake tangu asubuhi: hawa wanaona kila gari na hawalipwi na konda yeyote. Chukua chai, salimia, kisha uliza. "Mama, za saa hizi. Gari za Itumba zinapakia wapi, na watu wanalipa ngapi?" Aliyeuliza "watu wanalipa ngapi" ameuliza bei ya wenyeji, na ndiyo atakayotajiwa.

Halmashauri zinatoza ushuru kwa kila gari linaloingia stendi, asubuhi hadi usiku, siku zote za mwaka. Sehemu ndogo ya ushuru huo inatosha kununua mabati manne na rangi. La kwanza liwekwe Mpemba, njia panda ya Ileje, la pili Mlowo pa kwenda Kamsamba, la tatu Vwawa, la nne mlangoni mwa stendi ya Tunduma. Kila moja lioneshe majina ya mwisho wa safari, mahali gari linapopakia, nauli kikomo ya LATRA kwa shilingi, saa ya gari la kwanza na la mwisho kwa saa za Tanzania, na namba ya kupiga gari likikatisha ruti. Lile la nne liwe na mstari mmoja zaidi, kwa Kiswahili na Kiingereza, usemao kwamba tiketi za mabasi yanayoanzia Nakonde zinauzwa Nakonde.